Tourer V, RS200 au STI: ipi utaithibitisha ukiwa Mwanza?

Mark II si gari adimu Mwanza. Simama Buzuruga uhesabu GX100 na GX110 (Mark II za kawaida, zisizo na turbo) zinazopita, utachoka kabla hazijaisha. Adimu ni Tourer V, toleo la Mark II lenye turbo, iliyozaliwa Tourer V, na hapo ndipo hela za watu zinapotea, kwa sababu ile ya kiwandani na ile iliyofungiwa turbo gereji ya Nyakato zinafanana kabisa kwenye picha za dalali. Zote nyeusi, zote zimeshushwa, zote zina kibandiko cha Tourer V kwenye buti.

Tunalinganisha magari matatu ya Kijapani yaliyotoka kiwandani yakiwa yameongezwa nguvu: Toyota Mark II Tourer V (JZX100, 1996 hadi 2000), Toyota Altezza RS200 (SXE10, 1998 hadi 2005) na Subaru Impreza WRX STI, bodi ya GC8 na ile ya GDB iliyoifuata mwaka 2000. Lipi lina mbio zaidi, hilo bishaneni kijiweni. Hapa swali ni lipi unaweza kulithibitisha ukiwa na kadi ya gari, tochi na fundi mmoja asiyelipwa na muuzaji.

Mengi ya magari haya utayanunua yakiwa tayari nchini. Kuagiza jipya kutoka Japani kunauma, maana gari lililozidi miaka 10 linabeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida. Kwa hiyo unanunua gari lililopita mikono mitatu au minne, na kila mkono umegusa kitu.

Kadi inaweza kusema nini

Kadi ya TRA ina namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini, rangi na mwaka. Gari la soko la ndani la Japani halina VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17 kama la Ulaya. Namba yake ni fupi: kodi ya modeli (msimbo, si ushuru), kistari, kisha tarakimu. Tovuti nyingi za kusoma VIN zitakuambia namba si sahihi, na muuzaji mjanja atatumia hilo kukuambia "hizi haziangaliwi mtandaoni". Zinaangaliwa, ila kwenye katalogi za spea za Kijapani, unapoingiza kodi ya modeli na namba ya fremu (ya chasisi) yenyewe.

Kwa Altezza, kadi peke yake inamaliza nusu ya kazi. RS200 ni SXE10, yenye 3S-GE ya silinda nne. AS200 ni GXE10, yenye 1G-FE ya silinda sita. Kadi ikisoma GXE10, gari si RS200, hata liwe na rimu za 17, viti vyekundu na kibandiko cha RS kila mlango. Hakuna mjadala.

Impreza ya bodi ya pili nayo ni nyepesi. WRX ya kawaida ni GDA, STI ni GDB. Herufi moja tu, na imegongwa kwenye chuma.

Balaa liko kwenye JZX100. Matoleo matatu ya Mark II, Grande ya 2.5, Tourer S na Tourer V, yote ni JZX100. Mbili za kwanza zina injini ya 1JZ-GE isiyo na turbo, yenye nguvu farasi 200. Ya tatu ina 1JZ-GTE yenye 280. Ujazo ni ule ule, cc 2,491. Tena muhuri wa kwenye bloku huanza na 1JZ kisha namba, bila herufi GE wala GTE. Yaani Grande iliyofungwa injini ya turbo inaweza kuwa na kadi isiyo na kasoro hata moja: chasisi JZX100, injini 1JZ, cc zile zile. Muuzaji akikwambia "angalia kadi, JZX100 original", amesema kweli na hajathibitisha kitu. Afadhali GX100 iliyofungwa 1JZ. Hiyo kadi yake inaisema wazi, kwa sababu 1G-FE ni cc 1,988 na chasisi inaanza na GX. Mtego huo huo umo kwenye JZX110, Mark II iliyofuata: iR-V yenye turbo na Grande ya 2.5 zinachangia kodi moja.

GC8 iko kundi la JZX100. WRX na STI zote ni GC8, kwa hiyo kadi haikupeleki popote.

Tourer V: kazi iko kwenye kibati

Kwa Mark II, ushahidi mzito ni kibati cha modeli ndani ya chumba cha injini. Soma mstari wa modeli wote, usiishie JZX100. Baada ya kistari zipo herufi tano. Ya tatu ni giaboksi: M ni gia za mkono tano, P ni otomatiki ya gia nne. Ya mwisho ndiyo unayoitafuta: Tourer V huishia na Z, herufi ambayo Toyota ilizipa injini hizi za turbo, na kabla yake huwa V. Ukikuta mstari umeishia kwa herufi nyingine, gari lilizaliwa bila turbo. Ukikuta Z lakini herufi ya tatu ni P na ndani kuna gia za mkono, hiyo ni Tourer V halisi iliyobadilishwa giaboksi, na bei yake haipaswi kulingana na iliyotoka na M.

Sasa, kibati kinaweza kung'olewa na kuhamishwa. Ndiyo maana kinasomwa pamoja na muhuri uliogongwa kwenye ukuta wa kati ya injini na dashibodi. Namba ya fremu kwenye kibati, kwenye ukuta na kwenye kadi lazima iwe moja, tarakimu kwa tarakimu. Soma kwa sauti huku mwenzako akifuata kwenye kadi. Macho peke yake hurukaruka, hasa pale 6 na 8 zilipojaa grisi.

Namna ya kusafisha muhuri nayo ina ufundi wake. Chukua mswaki wa zamani na kitambaa chenye dizeli kidogo, sugua taratibu, kausha, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Mwanga wa ubavuni huonyesha kina cha kila tarakimu. Muhuri wa kiwandani una kina kinacholingana, nafasi zinazolingana, na rangi ya kiwandani imeingia mpaka ndani ya mikato. Wasiwasi uanze ukiona tarakimu moja imezama kuliko wenzake, rangi iliyo laini kuliko ukuta unaoizunguka, au mstari mwembamba wa kuchomelea unaozunguka eneo la namba kama fremu ya picha. Huo wa mwisho maana yake kipande cha ukuta kimekatwa gari lingine. Hapo funga boneti, shukuru, ondoka. Na usikubali mtu apitishe msasa au brashi ya waya kwenye namba "ili isomeke". Muhuri uliokwaruzwa unaonekana umechezewa, na siku ya kuhamisha umiliki utaulizwa wewe.

Kibati kinataja pia rangi kwa alama tatu, za tarakimu au herufi. 202 ni nyeusi, 040 ni nyeupe. Kibati cha 040 kwenye gari jeusi si wizi, ila rangi si ya kiwandani, na kadi inatakiwa iwe imebadilishwa kufuata rangi ya sasa. Fungua mlango, vuta raba, angalia chini yake: rangi ya kuzaliwa hubaki humo.

Ukishamaliza karatasi na chuma, injini yenyewe inasema mengi. 1JZ-GTE ya JZX100 ni ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu) na ina turbo moja, CT15B. Ukikuta turbo mbili ndogo, injini hiyo ni ya kizazi cha nyuma, iliyokuwa kwenye JZX90, na gari limebadilishiwa injini hata kama kibati ni safi. Intakula (kipoza hewa ya turbo) ya kiwandani imekaa pembeni, nyuma ya kona ya bampa la mbele. Nyingi zimeondolewa na kuwekwa kubwa ya katikati. Hilo si kosa, lakini uliza ile ya zamani iko wapi. Mwenye gari anayekuletea boksi lenye intakula, mabomba na nyumba ya kichujio cha hewa vya kiwandani amekuuzia kitu ambacho huwezi kukipata kirahisi tena.

Kuhusu turbo: gurudumu la upande wa ekzosi la CT15B ni la seramiki. Presha ya kiwandani ni karibu bar 0.7. Watu hupandisha kufika 1.0 na kuendelea, seramiki inavunjika na vipande vinatoka na moshi. Kwa hiyo Tourer V yenye turbo ya kampuni nyingine mara nyingi imefika hapo kwa ajali, si kwa hiari, na bei inabidi izungumze hivyo.

Giaboksi ya kiwandani ya gia za mkono ni R154, na kwa Mark II hizi Toyota iliifunga kwenye Tourer V tu. Tourer S ilitoka otomatiki. Gari lililogeuzwa kutoka otomatiki hujitaja lenyewe. Washa swichi bila kupiga starta uangalie dashibodi: taa za P R N D zikiwaka kwenye gari lenye klachi, jibu unalo. Pedali pana ya breki ni dalili nyingine. Chini, difu ya Tourer V ni kubwa kuliko ya GX100. Ukiwa na zote mbili gereji, tofauti inaonekana bila kipimo. Tairi za kiwandani zilikuwa 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma, lakini rimu usizitegemee kwa lolote. Rimu hubadilishwa hata wikiendi moja.

Mwisho, waya. Gari lililozaliwa na turbo lina waya zake zilizofungwa kwa tepu ya kiwandani toka injini mpaka ndani, soketi zote zimeingia bila kuunganishwa. Ondoa sanduku la glavu upande wa abiria, mulika kwenye kompyuta ya injini. Ukiona waya zimekatwa, zimesokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi ya dukani, mtu alihamisha injini. Waliofunga kichwa kizima cha gari lililokatwa Japani hufanya kazi safi zaidi, ila hata wao kuna sehemu lazima waunge, na kwa kawaida ni hapo.

STI: GDB inajieleza, GC8 inabishana

Kwa GDB, kibati kiko chumba cha injini, juu ya kikombe cha shokapu. Tafuta kodi ya giaboksi inayoanza na TY856. Hiyo ndiyo gia sita ya STI. GDA ya gia za mkono ilitoka na gia tano. Ukikaa kwenye kiti unaipima bila kushuka: gia sita ya STI ina pete ya kuinua kwenye fimbo kabla ya kuingiza rivasi, na rivasi iko kushoto juu, jirani na ya kwanza. Gia tano haina pete.

Waghushi wa Subaru hupenda vitu vinavyoonekana: boneti yenye tundu kubwa, bawa, herufi za waridi. Manifoldi nyekundu ni alama ya EJ207, injini ya STI, lakini inapakwa na yeyote mwenye kopo la rangi. Mulika vichwa vya bolti: vikiwa vyekundu na vyenyewe, rangi imepulizwa ikiwa juu ya injini. Difu ya nyuma ya GDB ni R180, ya GDA ni R160 iliyo ndogo. Breki za Brembo za dhahabu zinahamishika, kwa hiyo zisome mwisho.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukisahau. GDB za awali zina bolti tano kwenye duara la milimita 100. Marekebisho ya mwaka 2004 yalileta 114.3. Kwa hiyo GDB ya 2006 yenye rimu za 100 imebadilishiwa habu au imechanganywa na gari jingine, na ya 2001 yenye 114.3 vivyo hivyo. Ni kupima kwa rula tu, huku muuzaji akijibu simu.

Rangi ya bluu iliyozoeleka ya GDB ina kodi 02C. Nyeupe maarufu ni 51E.

Kwenye GC8 inabidi uende kwenye kodi ndefu ya modeli iliyo kibatini. Herufi inayofuata GC8 inapanda kutoka A mpaka G kufuatana na miaka, na zinazofuata hutenganisha bodi na daraja, STI na WRX. Usikariri; ingiza kodi nzima kwenye katalogi ya spea ya Subaru uone inasoma nini. Na ukiuziwa 22B, toleo adimu la STI, tulia. Zilizouzwa Japani zilikuwa 400 tu, mwaka 1998, zote za milango miwili, bodi pana, injini EJ22G ya cc 2,212. Kadi yenye cc 1,994 imejibu swali kabla hujafungua boneti. Vivyo hivyo kwa matoleo ya namba ya GDB: S202 zilikuwa 400, S203 zilikuwa 555, S204 zilikuwa 600. Kibati chenye namba ndani ya gari kinatengenezwa popote penye mashine ya kuchonga. Bila karatasi za Japani hakina uzito.

RS200: rahisi kuithibitisha, ngumu kuilisha

SXE10 ikishasomeka kwenye ukuta na kibati, kinachobaki ni kuhakikisha injini bado ni ile. Hatari hapa imegeuka kichwa chini: si watu kugeuza AS kuwa RS, bali RS halisi kuondolewa 3S-GE yake. Injini hii ni ya familia ya Toyota iitwayo BEAMS, yenye VVT-i pande zote mbili, spea zake ni chache, na mwenye gari akishindwa hufunga 1G au hata 1JZ. Hesabu koili: nne au sita. Muhuri wa bloku unaanza na 3S, na kadi iseme hivyo hivyo.

Ya gia sita za mkono ina nguvu farasi 210, ya otomatiki ya gia tano ina 200. Kwenye kibati, herufi ya tatu baada ya kistari ikiwa F ni gia sita. Mstari mwekundu wa mita ya mizunguko huanza juu ya 7,500. Ukianza chini sana ya hapo, dashibodi ni ya AS200, na ujiulize ilikuja na nini kingine. Rimu za 17 hazisemi kitu, kwa kuwa Z Edition ya AS200 nayo ilikuwa nazo.

Mgandamizo wa injini ya gia za mkono ni 11.5 kwa 1, kwa hiyo petroli ya kuchakachua na oili ya bei poa huiua mapema. Oili chafu huziba valvu ndogo za VVT-i na gari linakosa nguvu katikati. Mafundi wengi hukimbilia plagi na koili kumbe tatizo ni hapo.

Karatasi za Japani

Omba nakala ya cheti cha kuondolewa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Kila gari lililokuja kihalali lilikuwa nacho. Kina modeli pamoja na kiambishi (E-JZX100 ni za awali, GF-JZX100 ni za kuanzia 1998), tarehe ya usajili wa kwanza, na namba mbili ambazo wengi huziruka: namba ya aina iliyoidhinishwa na namba ya daraja. Kwa pamoja hizi hutaja toleo kamili, hata pale kodi ya JZX100 inapokuwa bubu. Hii ni njia ya karatasi inayotenganisha Grande na Tourer V.

Angalia pia kama baada ya modeli kuna herufi 改, isomwayo kai. Maana yake Japani yenyewe ililisajili gari kama lililobadilishwa. Si aibu, lakini neno "original" lifutwe kwenye mazungumzo.

Karatasi ya mnada inasaidia kwa hali ya bodi na kilomita. R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Ukipata kipimo cha unene wa rangi, paneli ya kiwandani huwa kati ya mikroni 100 na 150. Ikizidi 300 imerudiwa, ikizidi 500 kuna puti. Ziwa letu ni la maji baridi na halina chumvi, kwa hiyo kutu nzito chini ya gari mara nyingi ilikuja nayo kutoka mikoa ya theluji ya Japani. Piga bisibisi taratibu kwenye vikombe vya shokapu vya nyuma na kingo za chini za milango.

Gari likiwa Dar, usitume nauli ya dereva kabla ya video moja isiyokatwa: ianze kwenye namba ya usajili, iingie chumba cha injini, isome kibati, isome ukuta, irudi kwenye namba ya usajili. Picha tano tofauti zinaweza kuwa za magari matatu. Lililotoka Kenya kupitia Sirari lidai na nyaraka za forodha, si kadi ya Tanzania peke yake. Madeni ya trafiki na maegesho yaangaliwe kabla ya kuandikishana, hilo ni la kila gari.

Uchukue ipi?

Ukitaka uhakika kwa gharama ndogo ya ukaguzi, chukua RS200. Nusu saa inatosha, na anayekudanganya atakudanganya kwenye injini tu, si kwenye utambulisho. Uwe na fundi anayeijua 3S ya BEAMS na njia ya kuagiza spea. Bila hivyo itakaa uani.

GDB ndiyo tunayoiona bora kwa anayetaka kuiuza tena baadaye. Ushahidi wake uko sehemu nyingi zisizotegemeana: chasisi, TY856, pete ya rivasi, R180, duara la bolti. Kughushi vyote kunagharimu kuliko kununua ya kweli. Barabara za vilima vya mawe vya Mwanza pia inazimudu vizuri kuliko hizo mbili.

Tourer V lipia bei ya Tourer V pale tu mambo matatu yanapokutana: Z kwenye kibati, muhuri safi ukutani, na cheti cha Japani chenye namba ya daraja. Kikikosekana cheti, ihesabu kama JZX100 nzuri yenye turbo na utoe bei ya hivyo. Grande iliyogeuzwa kwa kazi safi si gari baya. Ina fundi aliyeifunga, anajulikana, na mara nyingi yuko hapo hapo Igoma au Nyakato. Muulize yeye alichofunga, kisha linganisha na anachosema muuzaji.

GC8 tuiachie mwenye muda wa kukaa na katalogi.